Gift za live tulizokusanya kujenga ndiva yetu Vudee, zilivyoishia kwenye simu ya Kajiru

Wakuu, habari za jioni.

Naandika nikiwa na hasira, kwa hiyo mkikuta herufi zimerukana mnivumilie. Nyingine nimezibonyeza kwa nguvu kuliko inavyotakiwa.

Sitaongeza chumvi. Kila nitakachosema hapa watu wa Vudee wanakijua, na wengine wamo humu humu. Wakiona nimedanganya waje wanisute mbele yenu.

Mimi ni mwanamke, nakaa Vudee, milimani huku wilaya ya Same. Nanunua maharage na ndizi kwa wakulima, nashusha sokoni Same mjini. Live nilikuwa naingia kama mnavyoingia nyie, kuangalia watu wakigombana.

Kilichonifanya niandike ni group la watu wetu wanaoishi Dar. Juzi mtu kauliza tena, "Hela za gift za ndiva ziliishia wapi?" Halafu akaweka emoji ya panya.

Panya ni mimi huyo. Kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nashika simu.

Sasa leo najibu, na najibia kwenye watu wengi.

Kwa msiojua, ndiva ni bwawa dogo la mawe na udongo. Usiku maji ya kijito yanaingia yanajaa, asubuhi tunafungua mlango wake, maji yanashuka na mfereji mpaka mashambani, kila nyumba na zamu yake. Kiangazi bila ndiva huku hupandi kitu. Unakaa unaangalia wingu linapita kwenda kwa watu wengine.

Ndiva yetu inaitwa ya Kajiru. Huyo ndiye aliyeijenga na ukoo wake, zamani hizo ambazo hata wazee wetu wanazisikia tu. Mlishike hilo jina, mtalichukia kama mimi.

Matengenezo yake ni msaragambo. Pembe inapigwa, kila nyumba inatoa mtu na jembe lake. Usipokuja unalipa faini. Usipolipa faini, zamu yako ya maji inazibwa mpaka ulipe. Hakuna kujuana, hata uwe mchungaji.

Masika iliyopita ilibomoa kona nzima ya ndiva. Tulikuwa tumezoea kuziba na udongo na migomba, lakini safari hii lilikuwa tundu la kupitisha ng'ombe. Ilihitajika saruji, nondo na mlango wa chuma, na yote hayo kabla maharage ya kiangazi hayajaanza kudai maji.

Siku ya kwanza ya msaragambo nikaifunga simu yangu kwenye mpini wa jembe kwa kipande cha kanga, nikalisimamisha jembe kwenye tope, nikaingia live. Utani tu. Nilitaka ndugu zangu wa Dar waone wenzao wanavyochafuka.

Basi pale kuna mama mmoja mtu mzima, Mama Kajiru. (Ndiyo, kuna Kajiru mwingine, nitamfikia na nitamfikia vizuri.) Huyu mama akishika jembe lazima aimbe. Anaimba Kipare, wenzake wanaitikia, majembe yanashuka kwa pamoja. Mimi nimezoea, kwangu ni kelele za kazi.

Wakuu, live ilijaa!

Maua yakaanza kupanda kwenye kioo. Mtu wa Tabata, mtu wa Mbagala, mwingine sijui yuko Oman, wote watu wa milimani. Mmoja akaandika, "Nasikia sauti ya nyumbani, nalia ofisini." Akatupa gift kubwa, kioo kizima kikawaka.

Mzee Elinaza, mwenyekiti wetu wa ndiva, akaja kuchungulia huku anajifuta tope.

"Mwanangu, hao wanaorusha maua ni kina nani?"

"Ni watoto wetu wa mjini, mzee. Hayo maua ni hela."

"Hela kweli?"

"Hela kweli mzee, ukishaitoa."

Akasema, "Basi waambie anayerusha, tunahesabu amekuja msaragambo."

Hiyo ndiyo ilikuwa moto. Nikatangaza. Watu wa Dar ambao kila mwaka wanakwepa faini wakawa wanatupa gift na kuandika, "Mimi nimeshachimba futi mbili." Mwingine, "Nipeni jembe zuri, hili limelegea." Tulicheka siku ile mpaka kazi ikaharibika.

Sasa hapa ndipo tulipokosea, na ni kosa ambalo nadhani ni sisi tu duniani tungeweza kulifanya.

Jioni ile wazee wakakaa. Nikawaambia gift zimeingia kwenye akaunti yangu, nikizitoa nawaletea. Wakakataa. Sio kwamba hawaniamini. Ni kwamba kuna mwiko, mali ya ndiva haiandikwi jina la mtu aliye hai. Kulikuwa na mwenyekiti mmoja enzi hizo aliifanya ndiva kama karai la kwake, akawa anajipa zamu mbili mbili, na kumtoa ilikuwa vita. Tangu hapo hakuna kitu cha ndiva kinachoandikwa jina la mtu anayepumua.

"Fungua nyingine," akasema Mzee Elinaza. "Iandike kwa jina la mwenyewe."

Mwenyewe ni Kajiru. Marehemu. Mwenye ndiva.

Mnacheka? Chekeni. Mimi mwenyewe niliona ni busara kubwa. Nani atamla Kajiru aliyekwisha kuwa udongo?

Nikafungua akaunti mpya. Jina nikaandika Kajiru na jina la ukoo wake. Picha nikaweka jiwe kubwa la pale ndivani, maana sura yake hakuna anayeijua. App ikauliza tarehe ya kuzaliwa. Mzee mmoja akasema alizaliwa mwaka wa nzige. Mwingine akasema hapana, nzige walikuja ameshaoa. Wakabishana, mimi nimeshika simu chaji inakata. Mwisho nikachagua mwaka wa nyuma kabisa niliouona nikasonga mbele.

Gift chache za siku ya kwanza nilizitoa kwenye akaunti yangu, nikanunua mifuko miwili mitatu ya saruji, kila mtu aliiona. Zilizobaki zote ziliingia kwa marehemu.

Na ziliingia jamani. Kila pembe ikilia, simu iko kwenye mpini. Akina mama wanavaa kanga mpya kwenda kuchimba tope! Mama Kajiru akawa staa, watu wanaandika, "Muwekeni yule bibi karibu." Yeye anasema tu, "Waambie nawasalimia." Hesabu yangu, hata baada ya app kukata nusu yao, ilitosha saruji, nondo, mlango na fundi.

Nusu, wakuu. App inakata nusu. Haijashika jembe, haijui tope la Vudee linavyonuka, inachukua nusu. Lakini hilo nilishalimeza, tusonge.

Siku ya ku-cash out nikabonyeza kitufe cha kutoa. App ikasema ithibitishe wewe ni nani. Kitambulisho chenye jina la akaunti, halafu sura ya mwenye kitambulisho mbele ya kamera, ageuze kichwa kushoto, ageuze kulia, afumbe macho afumbue.

Ya marehemu.

Nikajaribu kubadilisha jina, ikagoma, eti akaunti yenye salio haibadilishwi mpaka ithibitishwe kwanza. Mzee Elinaza akasema ajaribu yeye na kitambulisho chake. Akavaa koti la kanisani, akageuza kichwa kushoto na kulia kwa heshima zote kama anapigwa picha ya ndoa. App ikaandika jina halilingani. Nikawaandikia watu wa huduma kwa wateja, nikajibiwa na mashine. Nikaeleza tena, mashine ikanishukuru kwa uvumilivu wangu.

Huku juu maharage yameshaota, na maji yanapita kwenye tundu.

Ndipo Mama Kajiru akasema, na bado nakumbuka alivyosema kwa furaha, "Si mwanangu ana hilo jina? Kajiru wangu. Jina lile, ukoo ule. Kitambulisho anacho."

Huku kwetu mnajua jina la babu halifi, anapewa mjukuu. Kwa hiyo jina la mwenye ndiva lilikuwa linatembea Makanya, huko chini tambarare, miaka yote hiyo, linaendesha lori la kubeba jasi. Sisi tulikuwa bize kumkimbia mtu aliye hai, na mtu aliye hai alikuwa amelibeba jina lenyewe.

Huyu Kajiru namjua tangu utoto. Nilimwita kaka. Pembe ya msaragambo hajawahi kuiitikia hata siku moja, mama yake ndiye anayemchimbia.

Akaja Jumapili, baada ya ibada. Tukafanyia pale pale nje ya kanisa maana pale network inashika vizuri. Watu wote wamezunguka. Kajiru akaweka kitambulisho, ikakubali, hata tarehe ya kuzaliwa app ikajirekebisha yenyewe. Yule babu wa mwaka wa nzige akageuka mtu wa makamo mwenye lori. Akageuza kichwa kushoto. Akageuza kulia. Alama ya kijani ikatokea.

Tulipiga makofi. Vigelegele vilipigwa! Mama yake alipiga cha kwanza.

Namba ya kupokelea nayo ilibidi iwe na jina lile lile, kwa hiyo ikawekwa namba yake. Akasema, "Hela ikiingia tu, nachukua saruji Same, napandisha na lori langu, hata nauli siwadai." Wazee wakambariki. Nawaambia walimuwekea mikono kichwani.

Hela iliingia. Najua iliingia kwa sababu akaunti bado ilikuwa wazi kwenye simu yangu, nikaona salio limekuwa sifuri. Nikashangilia mwenyewe ndani kama mjinga.

Saruji haikuja.

Nikapiga. Lori lina shida ya gearbox. Nikapiga tena. Yuko safarini Tanga. Nikapiga tena, simu haipatikani. Halafu akaunti ikanitoa nje, password imebadilishwa. Kufungua kwa kutumia akaunti ya dada yangu, nikaona lile jiwe la ndiva limeondolewa kwenye picha, ameweka miwani ya jua na lori. "Kajiru Transporter, karibuni kwa jasi na mchanga." Na wafuasi wote walewale waliokuja kumsikiliza mama yake akiimba.

Mimi na Mzee Elinaza tukapanda bodaboda tukashuka Makanya.

Tukamkuta kwenye kibanda cha soda, anacheza bao. Akainuka vizuri kabisa, hana hata aibu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba Kajiru. Tumefuata saruji."

Akaagiza soda mbili. Akanigeukia mimi. "Dada, wewe ndiye mtu wa mitandao. Ile akaunti imeandikwa jina la nani?"

"Unajua ni la nani. La mwenye ndiva."

"Na sura iliyopita ni ya nani? Kitambulisho cha nani? Mimi sijaiba kitu. Mtu haibi kwenye jina lake mwenyewe." Akacheka kidogo. "Na hata tukisema ni ya mwenye ndiva, mwenye ndiva ni babu yangu. Nani mrithi, mimi au nyie?"

Mzee Elinaza akamwangalia. "Kajiru, umewahi kushika jembe pale hata mara moja?"

"Mzee, wenzangu walitoa jasho, mimi nimetoa sura. Bila sura yangu zile zilikuwa picha za maua tu."

Nilimtukana. Matusi niliyotoa siyaandiki humu, moderator atanifungia. Nilimtukana mpaka wacheza bao wakaacha kucheza. Mzee Elinaza aliiacha soda yake mezani haijafunguliwa, akaniambia, "Twende mwanangu."

Tuliuliza kwa watu wanaojua sheria. Swali la kwanza, mna maandishi? Hatuna. Akaunti ya nani? Yake kwa jina. Nani aliithibitisha? Yeye, mbele ya kanisa zima, huku tunampigia makofi. Mnaona ilivyokaa.

Sasa kuna kitu ambacho watu wa Dar hamkijui, na ndicho kimenifanya nishike simu leo.

Pembe ilipigwa, tukakaa kikao pale ndivani. Sheria iko wazi. Anayekula cha ndiva, zamu ya nyumba yake inazibwa mpaka arudishe. Lakini nyumba ya Kajiru huku juu ni ipi? Ni ya mama yake. Shamba ni la mama yake, maharage ni ya mama yake. Yule aliyeimba. Yule mliyekuwa mnaandika tumsogeze karibu na kamera.

Hakuna aliyetaka kulisema. Watu wanaangalia miguu yao. Mwisho Mzee Elinaza akasema mama hana kosa, hajawahi kukosa msaragambo, zamu yake ibaki. Wote tukaitikia haraka haraka. Mama Kajiru alikuwa amekaa kwenye jiwe, jembe mapajani. Siku hiyo alichimba na sisi bila kuimba.

Kesho yake ilikuwa zamu yake ya maji. Napita na kapu langu la ndizi naona mfereji wa kuingia shambani kwake umezibwa. Udongo na magogo ya migomba, umeshindiliwa vizuri. Nikajua kuna mtu na roho mbaya yake kaja kukiuka maamuzi ya kikao. Nikaweka kapu chini, nikazibua kwa mikono, matope mpaka kwenye viwiko, huku namlaani aliyefanya.

Mchana narudi, umezibwa tena. Na yeye amesimama pale na jembe.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Usizibue."

"Mama, wewe hujafungiwa! Mwenyekiti amesema, watu wote wamesema!"

"Nimewasikia." Akaugonga ule udongo na kisogo cha jembe, ukashika. "Kajiru ameshakunywa. Nyumba hii imeshapata zamu yake."

Nikamwambia huyo Kajiru ni mtu mzima, dhambi zake abebe mwenyewe. Akaniambia jina alimpa yeye, na ni yeye aliyesimama mbele yetu akasema mwanangu ana kitambulisho. Nikaanza kulia kwa hasira, yeye ndiye akanibembeleza mimi. Fikirieni hilo.

Mzee Elinaza amekwenda kumsihi. Mchungaji amekwenda. Tukizibua anaziba. Ndiva tumeikarabati hivyo hivyo kwa mawe na udongo na ile mifuko yangu michache ya saruji, inashika nusu ya maji, zamu zimepunguzwa, lakini angalau wengine tuna maharage. Yeye anakuja msaragambo kila pembe ikilia, anachimba, halafu anarudi kwenye shamba lililokauka.

Hiyo ndiyo hesabu ya gift zenu, ndugu zangu wa Dar. Mwenye emoji ya panya ajue pa kuipeleka.

Kwa wengine mnaotaka kukusanya gift za kikundi, nilichojifunza ni hiki. App haijui mwiko wenu wala mizimu yenu. App inajua sura na kitambulisho. Kabla hamjaingia live hata mara moja, amueni sura itakuwa ya nani, andikianeni, na awe mtu anayeshika jembe na nyie. Msisubiri hela ziwe zimeshajaa ndipo mtafute mtu wa kugeuza kichwa.

Aliyewahi kurudishiwa akaunti ya kikundi iliyothibitishwa na mtu mwingine, atuelekeze hapa chini. Mwanasheria kama upo, sema neno. Wa kuniambia "mlijitakia", karibu pia, nina nafasi ya kumjibu.

Na wewe Kajiru, najua umo humu, ID yako naijua na nimeona umeshafungua uzi huu. Password sikuombi tena. Comment kitu kimoja tu, watu wote wakione: lini unapanda Vudee kuzibua mfereji wa mama yako? Sisi tukiuzibua anauziba. Nadhani anakusubiri wewe.